South Carolina ilivyompoteza mtetezi wa wateja wa umeme, na ilivyomrudisha

Nikisoma ombi la kupandisha bei ya umeme, jambo la kwanza ninalotafuta ni nani anayelipwa kumsemea mwenye nyumba, yeye tu. Viwanda vikubwa vina mawakili wao. Kampuni huja na wahasibu, wahandisi na mawakili, na mara nyingi gharama za kesi huruhusiwa kuingia kwenye bei, kwa hiyo mteja ndiye anayewalipa wanaobishana naye. Yeye mwenyewe hupewa dakika chache za kutoa maoni. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yana ofisi ya mtetezi wa wateja wa majumbani, yenye uwezo wa kudai hesabu, kuhoji mashahidi na kukata rufaa.

Mswada wa kuipanga upya ofisi kama hiyo huonekana ni mambo ya utawala tu. Mimi huusoma neno kwa neno, kwa sababu ya South Carolina.

Sheria ya mwaka 2004 iliiondolea Idara ya Masuala ya Watumiaji ya jimbo hilo kazi ya kuwatetea wateja katika kesi za bei, ikaipa ofisi mpya ya wataalamu iliyo nje ya tume inayoamua bei. Kuwatenga wataalamu na waamuzi lilikuwa wazo jema. Lakini sheria iliitaka ofisi hiyo ipime mambo matatu kwa pamoja: maslahi ya watumiaji, ukuaji wa uchumi na ajira, na uimara wa kifedha wa kampuni zenyewe. Hebu fikiria wakili wako akiwa ameagizwa pia kulinda mfuko wa unayeshtakiana naye. Awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kukupigania mpaka mwisho.

Mwaka 2007 ikaja sheria nyingine, iliyoruhusu gharama za kugharamia ujenzi wa vinu vya nyuklia zitozwe kwa wateja kabla ya umeme kuzalishwa. Kampuni ya SCE&G iliyouza umeme jimboni humo ikapandisha bei mara tisa kwa ajili ya vinu viwili vipya katika kituo cha V.C. Summer. Tarehe 31 Julai 2017 ujenzi ukaachwa, takriban dola bilioni 9 zikiwa zimeshatumika. Hakuna hata uniti moja ya umeme iliyotoka kwenye vinu hivyo viwili.

Mwaka 2018 bunge la jimbo likafuta lile sharti la uimara wa kifedha wa kampuni, likamrudishia mtetezi wa watumiaji katika Idara ile ya zamani uwezo wa kuingia kwenye kesi za bei, na kupunguza bei za SCE&G kwa takriban asilimia 15 kwa muda. Marekebisho hayo nayaunga mkono kwa moyo wote. Ila yalikuja zege likiwa limeshamwagwa: kampuni ya nishati ya Dominion Energy ilipoinunua kampuni mama ya SCE&G, Januari 2019, mpango ulioidhinishwa uliwaachia wateja dola bilioni 2.3 za vinu hivyo, za kulipwa kwa miaka 20.