Nani Atakayesimama Mbele ya Watoto Baada ya Kengele ya Saa Tisa na Nusu?

Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zinaeleza kwamba masomo ya darasani katika shule za kutwa huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri, na kwamba muda unaofuata, hadi saa kumi na moja kasorobo, ni wa shughuli za nje ya darasa. Katika shule nyingi za umma za Nairobi, muda huo hauna mwenyewe. Mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi ana rundo la madaftari ya kusahihisha, na si haki kumtarajia awe pia mkufunzi wa sataranji, wa ngoma na wa kompyuta. Ndiyo maana bodi za usimamizi wa shule hutafuta watu na kampuni za nje ziendeshe klabu hizo, na haja hiyo imezidi tangu Mtaala wa Umilisi (CBC), unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na zaidi tangu wanafunzi wa sekondari ya msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) waanze kusomea ndani ya shule za msingi mwaka 2023.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni hili: bodi huichunguza kampuni, ilhali mtoto hukutana na mtu. Mkurugenzi wa kampuni huja ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa na vitabu vya picha, video za maonyesho na barua za pongezi. Wajumbe wanaridhika, mkataba unatiwa sahihi, kisha wiki ya kwanza anafika kijana mwingine kabisa, aliyeajiriwa juzi, asiyejua hata jina la mwalimu anayesimamia klabu. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa moja huku Eastlands, mashariki mwa jiji, nikitazama kijana wa namna hiyo akihangaika na watoto zaidi ya arobaini na mbao sita za sataranji. Watoto kumi na wawili walicheza. Waliobaki walisubiri zamu ambayo haikufika hadi kengele ikalia, na yule kijana sikumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemtayarisha.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mtoa huduma ni nani hasa atakayekuja, siku gani, na nani atakayeshika nafasi yake akiugua. Majina hayo yaandikwe ndani ya mkataba, pamoja na sharti kwamba hakuna mtu mpya atakayeingia bila mwalimu mkuu kuarifiwa na kukubali. Kila anayetajwa alete kitambulisho na cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia mtandao wa eCitizen. Anayedai kuwa mwalimu aulizwe nambari yake ya usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, nayo ithibitishwe na tume yenyewe.

Hata hivyo, vyeti hivi visipewe uzito kuliko vinavyostahili. Cheti cha mwenendo mwema huonyesha tu yaliyowahi kufika katika kumbukumbu za polisi, na mambo mengi yanayowaumiza watoto hayafiki huko. Wazazi hunyamaza, shule huogopa aibu, na mhusika huondoka kimyakimya kwenda kutafuta shule nyingine. Njia iliyo bora zaidi ni kuwapigia simu walimu wakuu wa shule mbili au tatu alikofanya kazi mkufunzi na kuwauliza waziwazi: je, mngemrudisha? Mwalimu mkuu akisita kujibu, msikilizaji atajifunza mengi kutokana na kusita huko. Aidha, shughuli zifanyike mahali panapoonekana, mlango ukiwa wazi na mwalimu wa shule akiwa karibu, na watoto wenyewe wafundishwe kwamba wanaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 iwapo mtu mzima yeyote atawadhuru au kuwatisha.

Kuhusu ubora wa mafunzo, sioni kipimo kinachoshinda kwenda kutazama. Wajumbe wawili wa bodi, na ikiwezekana mzazi mmoja, waende kwenye shule nyingine anakofundisha mkufunzi, siku ya kawaida katikati ya muhula, wala si siku ya maonyesho. Wasimtazame mkufunzi peke yake, wawatazame watoto. Wangapi wanatenda na wangapi wanasubiri? Mtoto akikosea, mkufunzi hufanya nini? Je, anawajua kwa majina? Yule msichana aliyekaa pembeni, au mvulana asiyesikia vizuri, kuna aliyemfikia? Kisha mkufunzi aulizwe mtoto anayeanza mwezi Januari ataweza kufanya nini ifikapo mwisho wa muhula ambacho hakukiweza mwanzoni. Mkufunzi mzuri wa muziki atasema, kwa mfano, kwamba ataweza kusoma noti za wimbo mfupi na kuucheza pamoja na wenzake. Asiye na mpango atazungumzia kukuza vipaji, na hataeleza ni kipaji gani wala kwa hatua zipi.

Shule isidhani kwamba ubora unapatikana tu katika ofisi za Westlands, mtaa wa wenye uwezo. Chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa kuunganisha kandanda na usafi wa mtaa, na Ghetto Classics, mradi wa muziki wa Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda, imewafundisha watoto kupiga ala za okestra, baadhi yao wakaja kuwafundisha wadogo zao. Hilo la mwisho ndilo la kuulizia popote mnapokwenda: wakufunzi wa kundi hili walifundishwa na nani kufundisha, na bado wanafundishwa?

Suala la fedha halihitaji maneno mengi, lakini linahitaji msimamo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mtoto wa shule ya umma kufukuzwa au kunyimwa nafasi ya masomo kwa sababu ya kushindwa kulipa tozo, na pesa yoyote inayokusanywa lazima itolewe risiti rasmi. Mtoa huduma anayewatoza wazazi langoni kwa pesa taslimu, au kwa nambari yake binafsi ya simu, asipewe nafasi. Sheria hiyohiyo imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na naona ni busara kumkataa pia anayekuja jioni na mitihani ya majaribio akiipa jina la klabu ya hesabu. Mtoto amekwisha kukaa darasani siku nzima.

Jambo linalosahaulika ni njia ya kurudi nyumbani. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili unusu, na mtoto anayekwenda kwa miguu kutoka shuleni hadi kwao, hasa msimu wa mvua, hana muda wa kupoteza. Mkataba useme shughuli zitaisha saa ngapi kamili, nani atahesabu watoto wakitoka, na nani atabaki langoni hadi wa mwisho aondoke.

Mkataba wa kwanza uwe wa muhula mmoja tu. Daftari la mahudhurio litunzwe na shule, si na mkufunzi, na muhula ukikaribia kuisha mwalimu anayesimamia klabu alichukue, atafute majina yaliyoanza yakatoweka, kisha aketi na watoto hao mmoja mmoja awaulize kwa upole kwa nini waliacha kuja. Majibu yao yafike mbele ya bodi kabla ya kuzungumzia muhula wa pili.