Bila mkataba, bado unaweza kudai fidia

Wengi huamini kesi ya madai ni ya mikataba na madeni tu, na ukiumizwa, hilo ni la polisi. Lakini sheria ya madhara nayo ni tawi la sheria ya madai, sawa na ya mikataba. Kwenye mkataba wajibu mmejiwekea wenyewe. Kwenye madhara, sheria ndiyo inayokutaka usimdhuru mwenzio. Dereva aliyekugonga kwa uzembe hamkuandikiana chochote, ila unaweza kumdai gharama za matibabu na kipato ulichokosa, hata kama anashtakiwa pia kwa jinai. Ukitaka kujua kesi ni ya aina gani, tazama wahusika wanavyoitwa inapofunguliwa: “mdai” na “mdaiwa” ni madai, “mshtakiwa” ni jinai. Tafadhali usikawie, maana muda wa kufungua dai una kikomo.