Miguu imetulia, usingizi uko wapi? Dhana potofu kuhusu dawa, kukesha na wasiwasi

Nashona nguo Majengo, hapa Dodoma mjini, kwa cherehani ya kukanyaga. Nikiwa kwenye pedali miguu yangu haina neno. Nikikaa kushonea vifungo au kukunja pindo kwa mkono, hasa jua likishazama, wanaanza: kama siafu wanaotembea ndani ya mfupa, si juu ya ngozi, pamoja na hamu ya kunyoosha mguu ambayo ukiikataa inazidi. Nikisimama nikaenda hadi mlangoni, wanatulia. Nikirudi kukaa, nao wamerudi. Miaka sita niliita hali hiyo "uchovu wa cherehani", kumbe ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, na kila mteja aliyepita alikuwa na tiba yake. Haya ndiyo niliyoambiwa mara nyingi zaidi, na nilichokuja kukijua baadaye.

"Ni uchovu tu, au gesi"

Uchovu ukipumzika unapungua. Huu ukipumzika ndipo unapoanza. Daktari anautambua kwa maelezo yako: hamu ya kusogeza miguu, inayokuja ukitulia, inayopungua ukijongea, inayozidi jioni na usiku, na isiyoelezeka kwa jambo jingine kama misuli kukaza. Hakuna eksirei wala kipimo cha damu kitakachoandika kwamba unao. Si ugonjwa mpya pia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaupa jina la miguu isiyotulia mwaka 1945. Hutembea katika ukoo. Huwapata wajawazito wengi, zaidi miezi mitatu ya mwisho, na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Huwasumbua pia wagonjwa wa figo, nao ndio wanaotakiwa kukaa kama saa nne bila kunyanyuka kwenye mashine ya kusafisha damu. Nikiwafikiria hao, vifungo vyangu naviona si kitu.

"Dawa ya miguu ndiyo dawa ya usingizi"

Hii ndiyo iliyonipoteza. Nilipopata dawa iliyonifaa, miguu ilitulia ndani ya wiki mbili. Nikajilaza saa nne usiku, miguu kimya, macho makavu. Saa sita. Saa nane, mbwa wa Chang'ombe wanajibizana. Adhana ya alfajiri ikanikuta nahesabu mabati ya dari kwa mara ya ngapi sijui. Nikajua dawa imeshindwa.

Kumbe haikushindwa. Miguu ilikuwa imetulia kweli, ila miaka sita ya kukesha ilikuwa imeufundisha mwili wangu kwamba kitanda ni mahali pa kupigania. Tangu magharibi nilikuwa naanza kujiuliza: leo nitalala? Nisipolala, kesho sare za shule nitazimaliza vipi? Moyo unakwenda mbio kabla hata sijatandika shuka. Hofu ya kutolala inatosha peke yake kumnyima mtu usingizi, hata sababu ya kwanza ikishaondoka. Ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La pili halihitaji kidonge kwanza. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanzishiwe tiba ya kubadili fikra na mazoea ya kulala, kabla ya dawa. Ukiisikia unaweza kuidharau, maana haina sindano wala boksi. Unaamka saa ileile kila siku, hata kama umelala kidogo, Jumapili ikiwemo. Kitanda ni cha kulala, si cha kuangalia simu wala kupiga hesabu za kodi. Usingizi usipokuja kwa muda unaoukadiria kuwa kama dakika ishirini, unatoka kitandani, unafanya jambo la kuchosha kwenye mwanga hafifu, unarudi ukisinzia. Unakadiria tu, maana ukianza kutazama saa umeshaharibu.

Mimi huchambua vifungo. Nina kopo la vifungo vya miaka yote. Nasimama mezani, nisikae maana siafu watanikuta, natenganisha vya matundu mawili na vya matundu manne. Wiki ya kwanza nilikuwa mchovu kuliko mwanzo, nikasinzia mchana na sindano mkononi. Wiki ya tatu nilipatwa na usingizi nikiwa bado na kopo mkononi.

Na wale wanaosema "umekesha jana, leo ulale mapema, saa mbili uwe kitandani" wanakutakia mema lakini wanakuchimbia shimo. Kuingia kitandani kabla ya usingizi kunaongeza saa za kugaragara, na kugaragara ndiko kunakolisha wasiwasi. Wasiwasi wenyewe nimeupangia muda. Saa kumi na moja jioni, kabla sijafunga fremu, naandika nyuma ya daftari la vipimo yanayonisumbua, na mbele ya kila moja hatua moja ya kesho. Ada: nimpigie mhasibu. Gauni la kitchen party: ninunue zipu. Usiku mawazo yakija nayajibu kwamba yapo kwenye daftari. Mara nyingi yanakubali.

"Usingizi ukikataa, vidonge vimejaa dukani"

Vimejaa, na vingi vinamwumiza mwenye miguu hii. Dawa za mafua na aleji zile za kusinziisha, kama klofeniramini na promethazini, zinakulegeza macho huku zikiichokoza miguu. Unakuwa na usingizi usioweza kuulala. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika inaweza kufanya hivyohivyo, na haloperidoli ya magonjwa ya akili pia. Hizo mbili wakati mwingine huleta hali nyingine inayofanana: mwili mzima kushindwa kutulia, mchana na usiku, siku chache tu baada ya kuanza dawa. Ukiona hivyo rudi kwa aliyekuandikia.

Mimi nilipewa amitriptilini kwenye zahanati moja, "ikusaidie kulala". Nilitembea usiku kucha kati ya mlango na karo. Sikumlaumu aliyenipa, nilimwambia silali, sikumwambia kwa nini. Amitriptilini na nyingi za dawa za sonona zinaweza kuzidisha miguu kwa baadhi ya watu. Lakini tahadhari: kama unazitumia kwa sonona au wasiwasi na zinakusaidia, usizitupe chooni kwa sababu umesoma maneno ya fundi cherehani. Mweleze daktari habari za miguu. Anaweza kubadilisha, zipo zisizochokoza sana, au akatibu miguu na kuiacha dawa yako palepale. Sonona isiyotibiwa nayo haimwachi mtu alale.

Diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza, inazoeleka mwilini, na ukiichanganya na gabapentini au pregabalini, dawa za miguu nitakazozifikia, usingizi unaweza kuwa mzito kiasi cha kudhoofisha pumzi. Pombe ndiyo kabisa. Glasi ya mvinyo wetu au kopo la komoni litakulaza haraka na kukuamsha saa nane usiku, miguu ikiwa imechachamaa. Kahawa na sigara za jioni sina haja ya kuzieleza.

"Dawa ikipungua nguvu, ongeza"

Dawa yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa levodopa. Jirani yangu wa fremu alisoma karatasi ya ndani ya boksi akapiga kelele: "Shoga, hii si ya Parkinson?" Ni kweli inatumika kwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, kwa sababu inahusu dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mijongeo. Kupewa dawa hiyo hakumaanishi kwamba una Parkinson.

Usiku wa kwanza nililala kama mtoto aliyeogeshwa. Miezi kadhaa ikapita vizuri. Kisha siafu wakaanza kuja saa moja jioni badala ya saa tatu. Kisha saa kumi. Ikafika nakaa kula mchana na wapo, na wameingia mikononi, mkasi unanisumbua kushika. Nikajiongezea nusu kidonge bila kumwuliza mtu. Siku kumi za raha, kisha pabaya kuliko mwanzo.

Jambo hilo linajulikana sana kwa levodopa na kwa ndugu zake pramipeksoli na ropiniroli: dawa inayotuliza miguu usiku inaugeuza ugonjwa kuwa mkali zaidi, unaanza mapema, unapanda kwenda juu. Dozi kubwa huharakisha. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani uliochapishwa 2025 umeacha kuzipa dawa hizi nafasi ya kwanza kwa matumizi ya kila siku. Unatanguliza madini ya chuma kwa wenye upungufu, na gabapentini au pregabalini. Pramipeksoli na ropiniroli zina kisirani kingine: baadhi ya watumiaji hushikwa na tamaa wasiyoweza kuizuia ya kamari, kununua vitu au ngono. Kwa kijana anayebeti kwenye simu si jambo dogo. Familia zijue, maana mwenyewe anaweza asilione.

Na ukishajua hayo, bado usiziache kwa siku moja. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta wasiwasi mkali, jasho na kukesha kusiko na mfano. Mimi nilipunguziwa kidogokidogo na daktari. Usiku mmoja wa kipindi hicho sitaki kuukumbuka, ila nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba utakuja na utapita, na kuambiwa huko kulikuwa nusu ya dawa.

Sasa natumia gabapentini. Nayo si malaika. Wiki za mwanzo ilinipa kizunguzungu, nikabandika mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, mteja akacheka mimi nikalia. Huongeza uzito kwa wengine, na mwenye figo dhaifu anahitaji dozi ndogo. Ndugu yake pregabalini imekubaliwa Ulaya kwa wasiwasi pia, kwa hiyo mwenye shida zote mbili anaweza kuizungumzia na daktari wake. Ukiona dawa yoyote ya hizi inakuletea mawazo ya kutotaka kuishi, ni hospitali siku hiyohiyo.

"Damu yako iko vizuri, huna haja ya chuma"

Wingi wa damu yangu ulikuwa 12.8. Nzuri. Lakini kipimo kinachohusika hapa ni feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, nayo ilikuwa 22. Karatasi ya maabara iliandika "kawaida", na kwa mtu mwingine pengine ni kawaida. Kwa mtu mzima mwenye miguu isiyotulia, madaktari wa ugonjwa huu huanza kutoa chuma feritini ikiwa 75 au chini. Ubongo unaweza kukosa chuma huku damu ikionekana imejaa. Feritini hupanda pia ukiwa na homa au maambukizi, kwa hiyo usipime ukiwa mgonjwa ukajidanganya.

Nilikuwa najihujumu mwenyewe. Chai ya rangi juu ya chakula, kila mlo. Chai inazuia chuma kufyonzwa. Ugali wa uwele na mtama una chuma, lakini una pia vitu vinavyokishikilia kisitoke. Na wanawake wenzangu tunaokula udongo wa kununua sokoni, huo nao unazuia, na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu. Vidonge vya chuma nilivimeza siku moja, inayofuata napumzika, maana utafiti umeonyesha mwili unafyonza vizuri zaidi hivyo kuliko kila siku, na nikashushia kwa maji ya ubuyu, yenye vitamini C na yasiyoadimika Dodoma. Usitegemee wiki. Mimi niliona tofauti mwezi wa tatu. Usimeze kwa kubahatisha pia, hasa mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwani chuma kikizidi kinadhuru ini na moyo.

"Ni mawazo yako, utaishia Mirembe"

Mji huu una hospitali ya taifa ya afya ya akili, na badala ya kuona bahati tumeigeuza kuwa utani. Wasiwasi haujaanzisha miguu yangu. Lakini miguu ilileta kukesha, kukesha kukaleta wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi anaisikia miguu mara mbili. Watu wa afya ya akili ndio wanaojua kazi ya kulitenganisha fundo hilo, na wengi wanaotibiwa huko wanakwenda kliniki na kurudi nyumbani kupika.

"Ni ugonjwa wa wazungu, kwetu anayetembea usiku ana lake jambo"

Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2010 ulikuta wagonjwa wachache sana. Sina ubishi nao, ila najiuliza watu waliulizwaje, maana mimi miaka sita nilikuwa nasema "uchovu".

Mama yangu amekulia Mpwapwa. Nikiwa mtoto nilikuwa nikishtuka usiku nasikia kinu. Alitwanga saa saba, saa nane, akimaliza anazunguka uani. Baba alisema mkewe mchapakazi. Majirani walisema jingine, na wapo waliokataza watoto wao kula kwetu. Mwaka jana alipokuja kunisalimia, tukiwa tumekaa barazani usiku, nilimwona anavisugua visigino kwenye mkeka, taratibu, bila kukoma.

"Mama," nikamwuliza, "miguu yako huwa inakufanyaje usiku?"

Akaacha kusugua. "Nani kakwambia?"