Maji vuguvugu ya kisima si dalili ya mvuke wa umeme

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mombasa: eti maji ya kisima yakiwa vuguvugu, chini kuna mvuke wa kuzalisha umeme. Si kweli. Maji ya kisima cha kawaida hufuata wastani wa joto la hewa, na hapa ni karibu nyuzi 27. Kwa kawaida joto la ardhini huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kwenda chini. Kwa hiyo kisima cha kina cha mita 30 hakiongezi hata nyuzi moja. Hata Olkaria, kwenye Bonde la Ufa lenye miamba ya moto, visima vya mvuke hufika kilomita 2 hadi 3.

Kinachochanganya wengi ni tangi jeusi la juu ya paa na mabomba yaliyochomwa na jua. Teka maji kisimani kwenyewe alfajiri, tumbukiza kipimajoto, subiri dakika mbili, usome, kisha ulinganishe na zile nyuzi 27. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo; mtu anaweza kumaliza akiba yake akichimbisha bure.