Faru Akilala Ndipo Kazi Inapoanza: Dhana Potofu Kuhusu Dawa za Usingizi kwa Wanyama

Watu wengi wanaijua kazi ya kulaza wanyama kwa sehemu moja tu: helikopta, bunduki, mshale, mnyama chini. Sehemu hiyo ni ya dakika chache. Inayofuata, ile ya kumlinda mnyama aliyekwisha kulala asifie usingizini, haionyeshwi sana, na hapo ndipo imani nyingi zisizo sahihi zimeota mizizi. Nyingine zimetoka kwenye sinema. Nyingine zinatoka zizini kwetu, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu zinamgharimu mfugaji ng'ombe asiye na mwingine wa kumrithi.

"Mshale ukimpata anaanguka papo hapo"

Hakuna dawa inayofanya hivyo. Mshale ni sindano inayoruka: dawa inaingia msulini, inachukuliwa na damu, ndipo ifike kwenye ubongo. Kwa faru au tembo, mshale uliokaa vizuri huchukua kama dakika 5 hadi 10 kabla hajalala. Ukigonga mfupa au ukimwaga dawa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, muda unarefuka. Wakati wote huo mnyama anakimbia, na anaweza kuingia mtoni, kutumbukia korongoni au kupotelea kichakani. Helikopta haipo kwa ajili ya kumbeba mpiga mshale peke yake. Kazi yake nyingine ni kumwelekeza mnyama mbali na maji na miteremko.

Kukimbia kwenyewe nako kunaua. Mnyama wa porini aliyefukuzwa mno hupanda joto na misuli yake huanza kuharibika. Anaweza kuamka vizuri, akaondoka zake, kisha akafa siku chache baadaye mahali ambapo hakuna wa kumwona. Ndiyo maana kazi hii hupendelewa kufanywa asubuhi na mapema kabla jua halijachoma, na ndiyo maana daktari makini huacha kumfukuza mnyama muda ukishapita, hata kama helikopta imeshalipiwa.

"Dawa ya wanyama haimwezi mtu"

Dawa inayotumika sana kwa faru na tembo ni etorfini, iliyotengenezwa Edinburgh mwaka 1960 na kundi la Kenneth Bentley, na ikajulikana kwa jina la M99. Nguvu yake inazidi ya mofini, ile dawa kali ya kuondoa maumivu, zaidi ya mara elfu moja. Faru mweusi mzima, mnyama wa tani moja hivi, hulazwa kwa miligramu 3 hadi 4 tu. Udogo huo ndio uliowezesha kazi yote, kwani kabla yake kiasi cha dawa cha kumlaza mnyama mkubwa hivyo hakikuenea kwenye mshale. Lakini matone hayohayo yakimwingia binadamu kwa sindano, au hata kwa jicho, yanaweza kumzuia kupumua. Haishikwi na mtu akiwa peke yake. Mwenzake husimama kando akiwa na dawa ya kuizima tayari mkononi, na anajua kuitumia.

"Amelala, basi yuko salama"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo.

Mnyama aliyelala usingizi wake wa kawaida hujigeuza akibanwa, humeza mate yake, hukohoa kitu kikimkera kooni. Aliyelazwa kwa dawa hawezi lolote kati ya hayo. Zaidi ya hapo, dawa za jamii ya mofini huutuliza ubongo hadi usahau kuamuru pumzi. Faru akiwa chini, uzito wake mwenyewe unakandamiza mapafu, pumzi inapungua, na oksijeni katika damu inaporomoka. Faru mweupe huathirika zaidi ya mweusi. Misuli yake hutetemeka chini ya etorfini, na mtetemeko huo unakula oksijeni ileile anayoikosa. Ndiyo sababu siku hizi huongezewa butofanoli, dawa inayompunguzia faru sehemu ya uzito huo wa pumzi, na mpira wa oksijeni hupitishwa puani. Mmoja wa timu hana kazi nyingine ila kuhesabu pumzi na kupima joto. Joto likipanda, humwagiwa maji. Likizidi, kazi husimamishwa na mnyama huamshwa.

Tembo ana shida yake ya pekee. Mapafu yake yameshikamana na ukuta wa kifua, hana ule uwazi ulio baina ya mapafu na kifua kwa wanyama wengine wanyonyeshao. Akiangukia kifua, hawezi kuupanua, na asipogeuzwa haraka hufa. Basi watu huja mbio, kwa kamba au kwa gari, wakamsukuma hadi alalie ubavu. Kisha kijiti hutiwa kwenye ncha ya mkonga ili usijifunge, maana ndimo anamopitishia hewa.

Twiga ndiye anayewasumbua madaktari kuliko wengi. Shinikizo la damu yake ni kubwa mno, shingo ni ndefu, na chakula cha tumboni hurudi kooni kwa urahisi kikaingia mapafuni. Kwa hiyo hupewa dawa nyingi aanguke upesi, na akigusa chini tu, dawa ya kuizima hutiwa mshipani. Anabaki macho, amefungwa kitambaa usoni na kuzibwa masikio, watu wakiwa wamemkalia shingoni. Anayepita akiona hivyo atasema twiga anateswa, mbona hawamlazi vizuri? Kumwacha usingizini ndiko kungemuua.

"Kumning'iniza faru miguu juu ni ukatili"

Picha hizi huchoma moyo kweli: faru amefungwa kamba miguuni, kichwa kinaelekea ardhini, helikopta inambeba juu ya milima. Njia hii hutumika mahali ambapo gari haliwezi kufika, na kwa miaka ilifanywa bila mtu kupima inamfanya nini faru. Mwishowe wakapima. Robin Radcliffe wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzake wa Namibia, waliwalaza faru weusi 12 huko Waterberg, wakawaning'iniza kwa winchi dakika 10, kisha wakalinganisha na dakika 10 za kulala ubavu. Matokeo yakatoka mwaka 2021: waliponing'inia, oksijeni katika damu haikushuka zaidi ya walipolala ubavu, bali ilikuwa juu kidogo. Wazo ni kwamba mnyama akilala ubavu pafu la chini hukandamizwa, na akining'inia mapafu yote mawili hupata nafasi.

Utafiti huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mimi sioni cha kuchekesha. Wale faru hawakuwa na oksijeni ya kutosha katika hali zote mbili, na hiyo ndiyo habari nzito ya utafiti ule. Kulazwa kwa etorfini kuna gharama hata mambo yakienda sawa, na aliyepima ndiye anayejua gharama hiyo ni kiasi gani.

"Wale faru wa Tsavo waliuawa na dawa ya usingizi"

Katikati ya mwaka 2018, Shirika la Wanyamapori la Kenya liliwahamisha faru weusi 11 kutoka Hifadhi ya Nairobi na Ziwa Nakuru kwenda kwenye eneo jipya la ulinzi ndani ya Tsavo Mashariki. Kumi wakafa, na yule aliyesalia akashambuliwa na simba. Taifa lilishtuka, kwa haki kabisa. Hadi leo mtu akitaja habari hiyo, mwingine atajibu kwamba "walizidishiwa dawa".

Sivyo uchunguzi ulivyosema. Faru hao waliamka, wakasafiri, wakafika wakiwa hai. Walikufa baadaye, baada ya kunywa maji ya visima yenye chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Maji ya chumvi hayakati kiu. Faru alikunywa, akaona kiu zaidi, akarudi kunywa tena, hadi sumu ya chumvi ikazidi. Juu ya hapo palikuwa na msongo wa safari na ugeni. Aliyekuwa Waziri wa Utalii, Najib Balala, aliyatangaza hayo hadharani: misongo mingi kwa pamoja, ikizidishwa na sumu ya chumvi.

Naona ni muhimu kulisema hili waziwazi, kwa sababu anayelaumu mshale anakosa funzo halisi la mkasa ule. Uangalizi wa mnyama aliyelazwa hauishi anaposimama. Maji anayokunywa kule anakopelekwa yalipaswa kupimwa na kufuatiliwa kwa umakini uleule unaotumika kumhesabia pumzi.

"Ng'ombe ni mkubwa, mwongezee"

Sasa turudi nyumbani. Zailazini ndiyo dawa ya kutuliza inayopatikana kwa wingi kwenye maduka ya dawa za mifugo, na ndiyo inayokosewa sana. Mtu anaona kiasi cha farasi, anamtazama fahali wake, anasema huyu ni mzito zaidi. Kumbe ng'ombe anahitaji takribani sehemu moja ya kumi ya kiasi cha farasi kwa kila kilo. Mbuzi naye si wa kuchezewa, na kondoo anaweza kujaa maji mapafuni.

Ng'ombe aliyezidishiwa hulala chini na tumbo likaanza kuvimba, kwa kuwa gesi inayotolewa kila dakika haina pa kutokea. Mate na majani hupanda kooni na kushukia mapafuni. Yeye, tofauti na tembo, anatakiwa kulalia kifua, pua ikielekezwa chini ili mate yatoke nje. Ng'ombe mwenye mimba kubwa asipewe dawa hii kiholela, maana hukaza mfuko wa uzazi. Ipo dawa ya kuipindua. Muulize mtaalamu kama anayo kabla hajachoma sindano ya kwanza.

"Ametulia, basi hasikii maumivu"

Kutulia na kutosikia ni mambo mawili. Asepromazini, dawa nyingine ya kutuliza, kwa mfano, inamfanya mbwa alegee na macho yawe mazito, lakini haiondoi maumivu hata kidogo. Zailazini inayapunguza kwa muda mfupi, si kiasi cha kuvumilia msumeno kwenye pembe. Kinachotakiwa ni ganzi, inayochomwa kwenye mshipa wa fahamu wa pembe, na kusubiri dakika kadhaa ishike. Kwa mwanambuzi ganzi nayo hupimwa kwa uzito na kuzimuliwa, kwa sababu ikizidi inamletea degedege.

Ng'ombe kutolia si ushahidi. Huyu ni mnyama anayewindwa, na kwa wanyama wa namna hiyo anayejionyesha mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Tazama moyo unavyokwenda mbio, tazama kama ameacha kucheua. Na usisimame nyuma ya farasi kwa sababu tu kichwa chake kimeinama: akiguswa ghafla, teke lake hupata shabaha vilevile.

"Operesheni imekwisha, hatari imepita"

Huko Uingereza, kati ya mwaka 2002 na 2004, ulifanywa uchunguzi mkubwa wa vifo vya wanyama wa nyumbani waliotulizwa au kulazwa kwa dawa, ukihusisha mbwa wapatao 98,000 na paka 79,000. Walikufa mbwa asilimia 0.17, paka asilimia 0.24 na sungura asilimia 1.39. Kwa mbwa na paka wenye afya idadi ni ndogo zaidi, kwa hiyo wanaokataa kuhasi mbwa wao kwa hofu kwamba "nusukaputi inaua" wanakuza jambo. Lakini tazama vifo hivyo vilitokea lini. Karibu nusu ya mbwa waliokufa, na zaidi ya nusu ya paka na sungura, walikufa baada ya operesheni kumalizika, wengi ndani ya saa 3 za kwanza. Nyuzi zimeshafungwa, daktari ameshanawa mikono, mnyama amewekwa pembeni, na hakuna anayemtazama.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba paka waliofuatiliwa mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni walikufa kwa uchache zaidi. Kile kifaa cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa korona hubanwa kwenye ulimi wa mnyama. Kinafaa sana, ila kina mpaka wake: kinaonyesha oksijeni iliyo kwenye damu, hakionyeshi kama hewa chafu inatoka. Mbwa anayevuta oksijeni safi anaweza kusoma 98 huku pumzi zake zikizidi kuwa chache. Kliniki isiyo na mashine kubwa bado inaweza kufanya mengi kwa kidole kwenye mshipa wa paja, jicho kwenye kifua, na kuangalia rangi ya ufizi kila baada ya dakika chache, huku mtu mmoja akiandika namba hizo chini.

Ukikabidhiwa mbwa ambaye bado hawezi kuinua kichwa, usimchukue. Mwombe daktari abaki naye hadi aweze kulalia kifua na kuitikia jina lake, hasa kama ni wa pua fupi, kwa maana njia yake ya hewa ni nyembamba hata akiwa mzima. Mkifika nyumbani mlaze sakafuni, mahali pasipo na baridi na unapoweza kumwona, na usimmiminie maji mdomoni. Atakunywa mwenyewe akishasimama bila kuyumba.