Kabla ya kuchimba msingi wa vyumba vya kupangisha Mtwara

Wengi wanaonijia wakitaka kujenga vyumba vya kupangisha hapa Mtwara huanza na swali la kiwanja, nami huwarudisha kwanza kwenye swali la mpangaji: ni nani atakayeishi humo, kipato chake kinatoka wapi, na je, kipato hicho kitakuwapo bado miaka mitano baada ya paa kuezekwa? Kazi yangu ni uthamini wa ardhi na majengo, na nyumba ambazo nimeona zikiwatesa wenyewe hazikuwa mbovu kwa ujenzi. Zilijengwa kwa ajili ya mpangaji aliyekuwa akisubiriwa, wala hakufika, au alifika akaondoka.

Mji huu una historia inayostahili kusomwa na kila mwenye nia hiyo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini joto la bei za nyumba lilikuja baadaye, kampuni zilipokuwa zikitafuta gesi baharini na bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa likijengwa. Watu wakajenga nyumba za kulala wageni, na nyumba kubwa za mtaa wa Shangani hapa mjini zikapangishwa kwa bei ambazo mwalimu au muuguzi asingezimudu. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule kiwanda cha saruji cha Dangote kilipozinduliwa. Ujenzi ulipokwisha, mafundi na wahandisi wake wakaondoka, kwa kuwa kuendesha bomba kunahitaji watu wachache kuliko kulijenga. Ndiyo maana nawasihi wenzetu wa Lindi wanaokimbilia viwanja vya jirani na Likong'o, mahali palipotengwa kwa mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika, wasikope fedha kwa kutegemea mradi ambao mazungumzo yake yamechukua miaka mingi.

Mpangaji wa kujengewa ni yule ambaye tayari yupo. Mtwara wapo walimu, watumishi wa bandari, wauguzi wa hospitali ya Ligula na wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, watafiti wa korosho wa Naliendele, na wanafunzi wa vyuo. Hawa hawatafuti nyumba ya ghorofa yenye uzio wa umeme. Wengi wao wanatafuta chumba na sebule, au chumba chenye choo cha ndani, mahali penye maji ya uhakika na ambapo bajaji inafika. Mwanafunzi ana kasoro moja ambayo lazima iingie kwenye hesabu: chuo kikifungwa, huondoka, na chumba chaweza kukaa wazi hadi muhula mpya. Kwa upande wa Masasi, Newala na Tandahimba, fedha nyingi huingia mikononi mwa watu katika msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba hadi karibu na Januari, kwa hiyo ni busara tarehe za kuanza na za kuisha kwa mikataba ya huko ziangukie miezi hiyo. Hata hivyo, msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, ulionyesha kwamba pango linalotegemea zao moja linaweza kusimama ghafla mji mzima.

Sasa tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme kiwanja na ujenzi wa vyumba vinne vimegharimu shilingi 30,000,000, na kila chumba kinapangishwa kwa 60,000 kwa mwezi. Mwaka ukijaa ni shilingi 2,880,000, na hapo ndipo wengi huishia kupiga hesabu. Toa miezi miwili ya kila chumba kukaa wazi, zitabaki 2,400,000. Toa kodi ya zuio ya pango, yaani kodi ya Serikali inayokatwa pango linapolipwa, ambayo ni asilimia 10 ya pato la pango kabla ya gharama, zitabaki 2,160,000. Tenga pango la mwezi mmoja la nyumba nzima kwa ajili ya matengenezo, na utakuwa na 1,920,000, yaani asilimia 6.4 ya fedha uliyoweka. Nasisitiza tarakimu hiyo kwa sababu mkopo wa benki kwa kawaida una riba kubwa zaidi ya hapo, na anayejenga vyumba vya namna hii kwa mkopo atakuwa akiifidia benki kutoka kwenye mshahara wake kila mwezi. Hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani fedha unazoikopesha Serikali nayo ikakulipa riba, nazo zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, bila bati la kubadilisha wala mpangaji wa kumfuatilia. Faida ya nyumba inakamilika pale tu ardhi yenyewe inapopanda thamani, na ardhi isiyo na nyaraka safi haiwezi kukupa faida hiyo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kusini tuna jambo letu. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa jadi hufuata upande wa mama, na katika familia nyingi mjomba na dada wa marehemu bado wana sauti juu ya shamba. Baba mwenye umri mkubwa anaweza kukuuzia kwa nia njema kabisa eneo la pembeni mwa mji, kama Mangamba, na baada ya msingi kusimama wakaja wapwa wenye haki wanayoamini kwa dhati. Kwa eneo lisilopimwa, ninataka kuona muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na watu wa upande wa mama, idhini ya maandishi ya mke au mume wa muuzaji, na saini za majirani wa pande zote nne mbele ya uongozi wa mtaa. Kwa kiwanja kilichopimwa, fanya upekuzi wa hati katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba, ujue kama kuna rehani au zuio, na kama kodi ya ardhi imelipwa. Halafu omba kibali cha ujenzi katika halmashauri.

Juu ya ujenzi wenyewe nitasema machache. Usikubali mchanga wa ufukweni hata fundi akuapie, kwani chumvi yake huozesha nondo na kuta hazikauki. Upepo wa bahari hula bati jembamba na misumari yake mapema, hivyo fedha ya marumaru za sebuleni ingefaa zaidi ihamie kwenye bati nene na kwenye tangi la maji.

Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme au mita ndogo, kwa maana ugomvi wa wapangaji juu ya LUKU moja ndio unaowahamisha wapangaji wazuri. Kumbuka pia kwamba kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, hukatwa kwenye ununuzi wa umeme huohuo, ilhali ni deni la mwenye nyumba. Iandike kwenye mkataba na umrudishie mpangaji kwa kuipunguza kwenye pango. Anayeanza na fedha kidogo apime msingi wa vyumba vinne, amalize viwili kikamilifu, avipangishe mwaka mzima, kisha aamue juu ya viwili vilivyobaki akiwa na hesabu ya miezi iliyokaa wazi mkononi mwake.