Kizingiti si kikwazo

Tangu picha za maonyesho ya sanaa yenye mada ya "vizingiti" zilipoanza kuzungumzwa hapa Kigoma, nasikia watu wakieleza kwamba wasanii wamechora "vikwazo vya maisha". Sivyo.

Kizingiti ni ubao unaolala chini ya fremu ya mlango, kati ya miimo miwili, yaani mbao za kusimama za pembeni. Wa juu nao huitwa hivyo hivyo. Katika sanaa, neno hili limechukuliwa kumaanisha hali ya mtu aliyekwisha kutoka alikokuwa na bado hajaingia aendako. Basi, maana ni hiyo.

Kinachotupoteza ni mazoea ya magazeti na majukwaa: "vizingiti vya maendeleo", "vizingiti vya uwekezaji". Matumizi hayo yamo hata kwenye kamusi, siyakatai. Ila kikwazo hukuzuia kupita, na kizingiti ndipo unapopitia. Ondoa kikwazo, njia inafunguka. Ondoa kizingiti na miimo yake, mlango haupo tena, limebaki tundu ukutani.

Dhana yenyewe iliandikwa Ufaransa mwaka 1909 na Arnold van Gennep, mtafiti wa mila za watu. Alizigawa ibada za mpito, zile za kumvusha mtu kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine, katika hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini, na kurudishwa katika jamii. Hatua ya kati aliipa jina lililotokana na neno la Kilatini limen, yaani kizingiti hiki hiki cha mlangoni. Baadaye mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950, akakaza macho kwenye hatua hiyo: wavulana wa jando ambao si watoto tena na si wanaume bado. Kwetu tunao mwali aliye ndani na kungwi wake, tunaye mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi. Nani husema mjane wa eda amekwama? Ana hali yake, yenye masharti yake, na watu wanajua namna ya kumsemesha.

Mkoa wetu ndio unaoifanya dhana hii iwe nzito. Eda ina siku ya kwisha, na mwali hutolewa kwa ngoma. Lakini kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na wamo waliozaliwa humo wakakua humo. Wazazi wao walikwisha kutoka. Wao wenyewe hawajaingia popote, na hakuna kungwi anayeijua siku yao ya kutolewa. Vikwazo wanavyo pia, vibali na umaskini, lakini hivyo ni habari nyingine. Ukivichanganya na kizingiti, mtu mwenyewe anapotea kwenye picha, linabaki geti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisimama mbele ya picha za namna hii, msianze kuuliza ni nini kimemzuia huyu. Ulizeni ametoka wapi, na huko aendako nani atampokea.